Jina la Msindikizaji

2 Machi

Kwa mpwa wangu Kijiko,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua utaanza na shikamoo na mimi sina subira. Mimi mzima. Paa la jikoni bado linavuja pale pale na beseni liko pale pale. Marehemu mkazamjomba wako alikuwa akiliita beseni hilo mpangaji wetu. Sasa nyumba hii tumebaki wawili, mimi na mpangaji.

Kazi ni za kuokoteza. Tangu nistaafu ukaguzi wa mizani, watu huniletea za kutengeneza tu, na siku hizi wengi wana zile za betri ambazo zikifa zinatupwa. Juzi nilijipima kwenye ile kubwa ya magunia iliyoko uani. Kilo sitini na nane. Mwaka jana nilikuwa sabini na moja. Nikaifungua yote, nikaisafisha, nikaijaribu kwa mawe yangu mwenyewe. Mizani haina kosa.

Sasa jambo lenyewe. Gego la chini, upande wa kulia, limekwisha. Nilikwenda kwenye ile kliniki mpya nyuma ya posta. Daktari ni binti mdogo, mpole, ananukia karafuu. Akapiga picha, akaniambia mzizi umepinda, itabidi achane ufizi kidogo. Akanipa dawa ya kukausha usaha. Hapo sina ugomvi naye. Lakini kila alipokishika kile chuma chake, mdomo wangu ulifunga. Mara tatu. Mimi nilikuwa nataka kufungua, taya ndilo lililokataa.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa walining'oa jino na ganzi haikushika. Nikasema haijashika. Wakasema imeshika. Wanaume wawili wakanikandamiza mabega. Basi, ndiyo hivyo.

Binti anasema kuna njia za kunituliza, nichague. Mimi naijua moja tu, nusu kaputi, na siitaki. Mtu mzima kufanywa nusu! Wewe hiyo ndiyo kazi yako kila siku huko kliniki ya meno, hebu nieleze. Usinipigie simu. Simu inataka jibu papo hapo.

Mjomba wako

Na yule mchumba wako mwalimu, hajambo?


16 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini adabu ni adabu. Mimi mzima, kazini ni pilika tu. Huku mvua haikatiki. Naloa kila jioni kwa sababu sijanunua mwavuli mwingine tangu ule wa bluu nilipousahau kwenye benchi la kituo cha mabasi, siku ile naondoka. Nilikuwa natazama kona ya duka la dawa nione kama kuna mtu anakuja, ndiyo maana nikausahau. Miaka tisa sasa. Tuyaache hayo.

Kisa cha miaka kumi na tisa hukuwahi kunisimulia. Pole sana, Mjomba. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia, na mkubaliane kwamba ukiinua mkono, anaacha.

Nusu kaputi iondoe kichwani. Hiyo ni ya chumba cha upasuaji, unalala fofofo na mashine inakupumulia. Hakuna anayekutakia hiyo kwa gego moja. Anachosema daktari ni dawa ya kutuliza. Unabaki unasikia, ukiambiwa fungua unafungua, ila ile hofu inakuwa mbali kama redio ya jirani. Ganzi unachomwa vile vile, ukishatulia.

Nyepesi kuliko zote ni gesi. Unawekwa kifuniko laini puani, unavuta, unajisikia mwepesi. Wengine hucheka mpaka tunacheka nao. Ikizimwa inaisha hapo hapo na unaondoka kwa miguu yako. Kuna kidonge pia, unakimeza saa moja kabla, ila ukishakimeza umekimeza, si rahisi kukiongeza wala kukipunguza. Halafu kuna sindano ya mshipani. Hiyo ndiyo ninayoijua zaidi, maana mimi ndiye ninayekaa kichwani kwa mgonjwa. Daktari anaiingiza kidogo kidogo, anasubiri, anaongeza. Kidoleni unawekewa kibanio kinachosoma hewa kwenye damu. Nakijua kilio chake kuliko ninavyojua sauti za watu. Wagonjwa wengi baadaye hawakumbuki chochote. Wananiuliza, "Mtaanza lini?" na jino liko kwenye sahani.

Kilo tatu ni nyingi, Mjomba. Unakula nini?

Kijiko


5 Aprili

Kijiko,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta wiki nzima, karani anadai sanduku langu lilikuwa limejaa. Limejaa nini? Barua zako ndizo pekee zinazoingia humo.

Mwavuli unauzwa kila duka. Nunua.

Gesi haiwezekani. Pua yangu upande mmoja haipitishi hewa tangu yule muuza sukari aliponipiga kichwa kwa sababu nilimfungia mizani yake iliyokuwa ikipunja. Daktari alichungulia akasema kweli, kwa pua hii gesi itaishia njiani. Kimebaki kidonge na sindano, na vyote vinanipa mashaka. Mtu akishalegezwa hivyo, si ataropoka? Mimi nina mambo yangu. Si ya aibu, ila ni yangu.

Halafu jino lenyewe limetulia. Kweli kabisa. Natafuna upande wa kushoto, na jioni nakunywa uji, na uji hauna ubaya. Nimejipima: sitini na sita. Nguo zinanikaa vizuri zaidi kuliko zamani.

Mwalimu hukunijibu habari zake. Au barua ilinyeshewa?

Mjomba


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nafua, napiga pasi, nakaa.

Jino lililotulia halimpunguzii mtu kilo tano. Hilo unalijua, wewe uliyemfungia mtu mizani kwa gramu tano. Usaha ukirudi ukashuka shingoni, hatutazungumza tena habari za kuchagua, utapelekwa hospitali usiku usiku na hiyo nusu kaputi yako utapewa bila kuulizwa. Nimeona watu. Naomba usinifanye nikaogopa kila ninapofungua bahasha.

Kuropoka, ndiyo, wengine huropoka. Mmoja alimwomba daktari amwoe. Hatucheki, na hatusemi nje.

Chagua sindano. Masharti ni madogo. Usile chochote kwa muda wa saa sita kabla, usivae saa wala pete, na uwe na mtu wa kukusindikiza. Huyo ni lazima. Akae pale kliniki mpaka umalize, akupeleke nyumbani, alale hapo hapo mpaka kesho yake saa ile ile. Siku hiyo huruhusiwi kuwasha jiko, kutia sahihi, wala kushika vyombo vya kazi. Ndiyo, hata mizani.

Usidhani ni ubabaishaji wa makaratasi. Mwaka juzi mzee mmoja alituambia kaka yake anamsubiri nje. Tukamwamini, mimi nikamfungulia mlango. Hakukuwa na kaka. Tulimwona kupitia dirisha anayumba katikati ya barabara, kisha akaanguka mtaroni. Alivunjika nyonga. Tangu siku hiyo mimi huwa natoka na mgonjwa mpaka nimwone huyo mtu kwa macho yangu.

Mchukue jirani yeyote. Ni siku moja tu.

Kijiko


18 Mei

Kijiko,

Marahaba, marahaba. Kila kitu tayari. Nitachomwa sindano, tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi. Nilimsimulia binti kisa changu, akaweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Ishara ya mkono tumekubaliana.

Msindikizaji yupo. Ni mtu ninayemwamini. Fomu nimejaza mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri.

Lala usingizi.

Mjomba


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Leo nimemshikia mwenzangu zamu ya asubuhi, na saa tatu kasoro dakika tano nimeitwa kwenye simu ya mapokezi mbele ya wagonjwa wote. Mwanamke akaniuliza, "Dada, umefika wapi? Mjomba wako ameshakaa kwenye kiti." Nikadhani amekosea namba. Akanisomea fomu. Jina langu kamili. Namba ya hapa kazini. Mahali palipoandikwa muda wa kufika umejaza, "Yuko njiani."

Niko njiani! Kutoka huku ni siku mbili kwa basi, na unajua.

Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi hatuwezi kumchoma." Nikasikia nyuma yake kiti kinainuliwa na sauti yako ikisema, "Hakuna neno, hakuna neno." Sauti ile imekaa nami siku nzima. Nimekosea kuandika jina la mgonjwa mara mbili.

Kwa nini, Mjomba? Mtaa mzima umekosa mtu wa kukaa na wewe siku moja?

Kijiko


30 Juni

Mpwa wangu,

Ungeweza kusema uko njiani. Ni neno moja tu. Ningechomwa, ningelala pale kwenye kochi lao, wangechoka kusubiri, wangenipeleka nyumbani wenyewe. Nilikuwa nimeshapanga hivyo. Na mlango wa kliniki mpaka kwangu ni hatua mia sita, nimezihesabu.

Umeniuliza swali, nakujibu. Nimekaa mtaa huu miaka thelathini na moja nikipima mizani ya kila mwenye duka. Nusu yao niliwafungia, nusu iliyobaki waliogopa nitawafungia. Nilijivunia. Mke wangu ndiye aliyekuwa na watu. Wao walikuwa wakija kwake, mimi wakinisalimia tu kwa kuwa nimekaa mlangoni. Alipofariki walikuja siku tatu, wakashukuru, wakaenda zao. Rafiki yangu fundi kufuli watoto wake walimchukua. Nyumba ya kushoto imefungwa. Ya kulia wamehamia vijana, nilikwenda nikagonga, nikaombwa nieleze shida yangu, nikasema nilikuja kuuliza kama maji yanatoka.

Nilisimama mbele ya ile fomu robo saa. Mstari una nafasi ya jina moja. Nilipitisha majina yote ninayoyajua, na lililoandikika ni lako.

Kilo sitini na tano na nusu. Mzigo wa jino ni wangu, nitaubeba.

Mjomba


11 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimeomba likizo ya wiki moja, nimepewa. Kliniki yako nimeipigia mwenyewe: tarehe 23, saa tatu asubuhi. Nitafika tarehe 22 na basi la mchana. Usije kituoni, una homa, nimeisikia kwenye mwandiko wako.

Umeniuliza habari za mwalimu mara mbili, nami nikajifanya sikuona. Mwalimu aliondoka mwaka juzi. Hakuna ugomvi wala nini, alipata uhamisho na hakuniuliza kama nitafuata. Chumbani kwangu kuna kiti kimoja. Kila jioni kazi yangu ni kuwakabidhi watu kwa watu wao. Mke anampokea mume, binti anampokea mama, wanashikana wanakwenda, nami nafunga mlango nafuta viti. Kazini nilipoajiriwa kulikuwa na fomu pia, inayotaka jina la mtu wa karibu atakayeitwa nikipata ajali. Niliandika jina lako. Karani akaniuliza, "Huyu yuko hapa mjini?" Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo wewe na mimi ni waongo wa aina moja. Nakuja.

Kijiko


23 Julai, mezani kwako, alasiri

Mjomba,

Umelala kwenye kiti chako, pamba mdomoni, na mimi nakuandikia nikiwa hatua tatu kutoka ulipo. Ni kichekesho, lakini kuna sababu. Dawa ile inafuta. Mpaka kesho utakuwa umesahau karibu yote, na kuna jambo sitaki lifutike. Nikikwambia kwa mdomo utanikatiza.

Ulikuwa hodari. Ulivaa koti. Daktari kabla hajakuuliza uzito ukamtajia, mpaka ile nusu. Sindano ilipoanza kufanya kazi ulimwambia taa yake imening'inia upande, na ni kweli imening'inia. Uliinua mkono mara moja tu, na binti aliacha papo hapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaona. Akasubiri, akauliza kama ni maumivu. Ukasema, "Hapana. Nilitaka kuona kama utaacha." Akageuza uso kidogo, kisha mkaendelea mpaka mwisho.

Baadaye wakakuhamishia kitanda cha kupumzikia, nikaitwa nikae na wewe. Ukafungua macho ukanishika mkono. Ukaniita sista. Ukasema, "Sista, yule mpwa wangu yuko nje?" Nikasema yuko. Ukasema, "Mwambie nilifika. Yeye anadhani sikwenda. Nilichelewa tu, basi lilikuwa limeshakata kona. Mwambie niliukuta mwavuli." Ukarudia mara tatu, kila mara ukinisisitiza nisisahau, kama mtu anayeacha ujumbe mapokezi. Nikaahidi nitamwambia.

Nilidhani ni dawa inayosema. Tumefika hapa, nimeingia chumbani kwako kuchukua blanketi, nimesukuma mlango. Mwavuli uko nyuma yake, umetundikwa kwenye msumari. Wa bluu. Nilipouacha ulikuwa na ubavu mmoja uliovunjika. Umeunganishwa kwa waya mwembamba wa shaba, ule unaotumia kwenye mizani ndogo za dawa.

Nimekwenda jikoni nikalia, mpangaji wako akiwa shahidi. Miaka tisa nimekuandikia barua za adabu nikijua moyoni kwamba uliona uzito kunisindikiza hatua mia nane mpaka kituoni. Kumbe nilikuwa namwandikia mtu mwingine, ambaye hayupo. Kwa nini hukusema? Neno moja tu, Mjomba.

Kesho kutwa saa nne nina basi. Barua hii nitakupa nikishakaa dirishani, ili usinikatize.

Kijiko


9 Agosti

Kwa Kijiko wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba.

Nyuzi zimetolewa. Ufizi umefunga. Binti ananisalimia mpaka barabarani, na ile taa yake nilikwenda na bisibisi nikamnyooshea. Wale vijana wa nyumba ya kulia nimewagongea tena, safari hii nikawaambia kwamba niling'olewa jino na sikuwa na mtu. Mmoja akasema, "Mzee, si ungetuambia?" Alikuja juzi kuangalia paa. Hajui kitu, ameongeza tundu la pili, lakini alikaa mpaka jioni. Kilo sitini na saba, na nimeshaanza kutafuna upande wa kulia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimejaribu kukumbuka. Nakumbuka kibanio kidoleni, nakumbuka karafuu, halafu nakumbuka uji wa vuguvugu hapa nyumbani. Katikati hakuna kitu. Sikumbuki kusema hata neno moja kati ya hayo uliyoyaandika.

Lakini sina la kusahihisha.

Siku ile nilijifungia karakana. Nilikuwa na hasira kwamba unaondoka, na sikuwa na haki ya hasira hiyo. Nikachukua mawe ya mizani nikawa nayapima moja baada ya jingine, mawe niliyoyapima wiki iliyotangulia. Mkazamjomba wako alirudi kutoka kukuaga kituoni, akasimama mlangoni akasema, "Mtoto anaitazama ile kona." Nikaendelea kupima. Nilipoinuka niliinuka mbio, na aproni yangu ya ngozi kifuani. Nikakosa basi kwa dakika tano. Mimi, niliyemtoa mtu machozi kwa gramu tano. Niliona aibu kuandika kwamba nilichelewa. Nikaona heri uniite mkaidi, ukaidi nimeuzoea. Nilikosea, Kijiko. Uliondoka na uzito ambao si wako, na mimi ndiye niliyekufungashia.

Safari hii umeniona kituoni. Shavu limevimba, midomo haishikani, watu wananitazama. Basi lilipokata kona ya duka la dawa niliendelea kupunga mkono mpaka karani wa tiketi akaniuliza kama kuna basi jingine ninalolisubiri. Nikakaa kwenye lile benchi kidogo. Nyumba ilikuwa kimya niliporudi, kimya zaidi kuliko kabla hujaja. Nakwambia kwa kuwa tumekubaliana kuambiana.

Jina langu kwenye ile fomu yako usilifute. Kama karani akiuliza tena, mwambie niko mbali, ila nikiitwa nakuja. Hata nikichelewa.

Jambo la mwisho. Nilipokuuliza kituoni, kwa huo mdomo uliovimba, kama umechukua kila kitu, uliitikia haraka mno. Nimefika nyumbani nimesukuma mlango wa chumbani, mwavuli uko kwenye msumari. Umeusahau tena.

Nimeuacha pale pale. Siku utakayokuja kuuchukua, niandikie mapema tarehe na saa. Nitakuwa kituoni tangu asubuhi.

Mjomba wako